Unafundisha watu wazima chuoni? Hivi ndo utawabakiza mpaka mwisho wa kozi

Mi nafundisha umeme wa majumbani, kozi ya jioni, kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Mbeya. Darasani kwangu wengi ni watu wenye familia zao: madereva bajaji, mama wa genge pale Soweto, walinzi wa makampuni, mafundi wa mtaani ambao wameshafanya wayaringi nyumba nyingi kuliko mimi, na vijana wachache waliomaliza fomu foo juzi juzi. Mwaka wangu wa kwanza darasa lilianza limejaa mpaka wengine wanakalia ndoo za rangi zilizogeuzwa, kufika wiki ya sita nusu ya viti vitupu. Nikajiambia hawa watu hawako siriazi. Nilikosea sana, na niliyojifunza baada ya hapo ndo naandika hapa kwa mwalimu mwenzangu yeyote, uwe Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, ufundishe ushonaji, uhasibu, hoteli au kompyuta.

Kulikua na baba mmoja, umri kama 48 hivi, fundi wa miaka mingi, mikono yake inajua kazi. Wiki ya tatu akapotea. Nilikuja kumkuta Mwanjelwa yuko juu ya ngazi anafunga taa kwenye duka la nguo, nikampa shikamoo, akashuka, akafuta mikono, tukakaa kwenye benchi la muuza chai. Nilijua ataniambia ada. Akasema, "Mwalimu, ile siku ulininyanyua nisome kile kitini mbele ya wale watoto. Kiingereza chenyewe sikijui vizuri, na yale maandishi madogo nilikua siyaoni kabisa. Wakacheka. Mmoja wao anakaa mtaa mmoja na mwanangu."

Sikua na la kumjibu zaidi ya kuomba radhi. Na tangu siku hiyo naamini aibu inatoa watu wazima darasani kuliko ada, kuliko mvua, kuliko umbali, ila hakuna atakayekwambia ni aibu, atakwambia "nimebanwa kidogo mwalimu" na wewe utaandika kwenye rejista mtoro.

Kwaiyo tuanze hapo hapo.

Kabla hujafundisha chochote, mjue

Wiki ya kwanza kaa na kila mtu dakika kumi, peke yenu, nje ya darasa, hata chini ya mti. Usiende na fomu, nenda na daftari lako. Muulize mara ya mwisho kukaa darasani ilikua lini, kazi gani ameshafanya, nyumbani kuna nani anamsubiri, anarudi na usafiri gani usiku, na akimaliza hii kozi anataka afanye nini cha kwanza. Hilo swali la mwisho andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, usiyapambe, mana utakuja kulihitaji kozi ikifika mwezi wa nne atakapotaka kuacha.

Afu muulize shamba. Huku kwetu hata anayeuza vocha mjini ana shamba mahali. Mahindi yanapandwa mvua zikianza kuanzia Novemba, palizi inamkuta mtu Desemba na Januari, wa mpunga Usangu ana kalenda yake, wa kahawa Mbozi anachuma miezi ya baridi, wa viazi Njombe anavuna wakati mwenzie anapanda. Mi nilikua naweka tesiti kubwa wiki ya kwanza ya Desemba afu nashangaa watu hawaji. Saivi nachora mwaka mzima kwenye karatasi moja ya manila, kila mtu anaweka alama wiki zake za shamba, alafu tesiti nazipeleka kwenye wiki zenye alama chache. Kwa zile wiki ambazo lazima nusu watakosa, sifundishi kitu kipya, narudia vitendo. Hii peke yake imenibakizia watu wengi.

Na macho jamani. Mtu akishavuka 40 kusoma maandishi ya karibu kunaanza kumpa shida, ni mwili tu, na wengi hawajui kwamba ni hivyo, wanadhani wamekua wazito wa kuelewa. Vitini vyangu saivi nachapa herufi kubwa, darasani kuna balbu ya ziada juu ya meza ya vitendo, na nawaambia wote kwa pamoja bila kumtaja mtu kwamba ukiona unasogeza karatasi mbali ndo unaona vizuri, kapime macho, miwani ya kusomea itakusaidia kuliko mimi. Kuna mama alinunua miwani wiki hiyo hiyo, kesho yake akasoma namba kwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, akasema, "Kumbe hapa kuna nukta!" Wiki tatu alikua anakosea majibu kwa sababu ya nukta.

Salamu na lugha

Kama una miaka 31 na mwanafunzi ana 52, we ndo unampa shikamoo. Haikupunguzii ualimu hata kidogo. Muite baba fulani, mama fulani, kaka, dada, vile anavyoitwa mtaani kwake. Ukijua salamu ya kwao itumie, kamwene kwa Mhehe au Mbena, ugonile kwa Mnyakyusa, utaona uso unavyofunguka. Usimkaripie mtu mzima mbele za watu, hata kwa utani. Akikosea kwenye kazi, msogelee, ongea kwa sauti ya chini, muoneshe kwa mkono, ondoka. Akipatia, hapo ndo useme kwa sauti wasikie wote.

Kusoma kwa sauti mbele ya darasa, mi nimefuta kabisa. Anayetaka atajitolea.

Lugha yenyewe: elezea kwa Kiswahili mpaka uone kichwa kinatikisika, ndo ulete neno la Kiingereza, uliandike kubwa ubaoni, walitamke wote kwa pamoja mara tatu asionekane nani kakosea. Kama mtihani wenu unakuja kwa Kiingereza huwezi kuwaficha, itabidi wayajue yale maneno, ila neno linakaa kichwani pale ambapo kitu chenyewe kimeshaeleweka. Nimeona walimu wanasoma slaidi za Kiingereza saa mbili nzima, watu wananakili mpaka nukta, afu ukiwauliza hawajui kilichosemwa ni nini. Yule mtu ametoka Mbalizi na daladala mbili, ameacha biashara saa za wateja wengi, unamrudisha nyumbani na notsi asizozielewa. Jumanne ijayo kwa nini aje?

Kila jioni atoke na kitu mkononi

Mtu mzima jioni yake ina bei. Dereva bajaji saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku ndo muda wa abiria, mama wa genge ndo muda watu wananunua mboga. Akija kwako amelipa mara mbili, ada na hela aliyoiacha barabarani. Mi najiuliza kila nikipanga somo: leo akifika nyumbani akiulizwa umejifunza nini, atasema au ataonesha nini? Kama sina jibu nabadilisha somo.

Siku ya kwanza, badala ya kusoma kanuni za chuo, kila meza inakuta kipande cha mbao, betri ya pikipiki ya volti 12, fyuzi ndogo, swichi, holda na balbu ya pikipiki. Nawaambia washeni hiyo taa, ukibonyeza swichi izime. Umeme wa volti 12 ukigusa haukupigi, na fyuzi iko pale ili wakigusisha waya zisiungue, kwaiyo naweza kuwaacha wahangaike. Kuna dada anauza chakula stendi, alivyoingia alisema yeye umeme anauogopa tangu utotoni, kaja kwa sababu kila fundi anayemuita anamuongopea. Alihangaika kama dakika arobaini, anafunga waya, anafungua, jirani yake kijana anataka kumsaidia namkatalia kwa macho. Taa ikawaka. Akaizima. Akaiwasha. Akatoa simu akapiga picha akawatumia watoto wake palepale, kabla hata sijafika mezani kwake. Zile kanuni za chuo niliwagawia kwenye karatasi wakati wa kutoka.

Somo la hesabu ndo linalotisha zaidi, kwaiyo nikueleze ninavyolifanya, na utalibadilisha kwa fani yako. Sianzi na fomula. Nauliza, nani ameshaitwa kwenye nyumba ambayo waya wa hita ya kuogea umeyeyuka? Mbeya hii na baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ukiwa Uyole asubuhi maji yanauma, kila mwenye uwezo anaweka hita. Mikono inanyooka mitatu minne, mafundi wa mtaani wanaanza kusimulia, mmoja alikuta soketi nyeusi, mwingine alikuta harufu tu na plasta imepasuka. Nawaacha waongee, wabishane nani alikosea. Afu nauliza ile hita imeandikwa wati ngapi? Wanasema 5500. Umeme wa nyumbani volti 230. Gawanya wati kwa volti. Wanatoa simu, wanapiga kikokotoo, inakuja karibu ampea 24. Sasa waya wa milimita za mraba 2.5 ule wa soketi, uliofukiwa ukutani ndani ya paipu, unabebeshwa mzigo huo kila asubuhi watu watano wanaoga mmoja baada ya mwingine, kweli utapona? Pale darasa linakua kimya. Fundi wa miaka kumi na tano anasema taratibu, "Kumbe ndo mana inatakiwa waya mnene na breka yake peke yake, ya kukata umeme mzigo ukizidi." Alikua anaijua hiyo kanuni kwa mkono, leo amepata sababu yake, na ile fomula hatakuja kuisahau kwa sababu imejibu swali lake yeye.

Mmarekani mmoja, Malcolm Knowles, aliliandika sana hili miaka ya 1970, kwamba mtu mzima anaingia darasani na mzigo wa uzoefu na anataka kujua kitu atakachokitumia sasa. Lakini sisi wenyewe tulishalifanya. Mwaka 1970 hapa nchini ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanakusanyika kwenye vikundi kijijini, wanasikiliza redio, wanajadili yanayowahusu, afu wanaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Waulize wazee wa kwenu waliokuwepo. Kusikiliza, kujadili, kutenda, ndo mpangilio wangu wa jioni mpaka leo, na sijaona mzuri zaidi.

Unapowapanga kwenye meza, changanya. Mzee ana mikono na ana kesi za kusimulia, kijana ana hesabu na simu. Ila weka sheria: anayejua zaidi anaongea, asiyejua ndo anashika plaizi. Bila hiyo sheria kijana atafanya yote na mama atakua mtazamaji, wiki mbili atakuaga.

Wanaochelewa na wanaokosa

Mlango usifunge. Robo saa ya kwanza natumia kurudia kipindi kilichopita: madaftari yamefungwa, mtu anachora ubaoni anachokumbuka, mwingine anaongeza, mwingine anapinga. Aliyekwama kwenye foleni ya Mafiati akiingia dakika ya kumi hajapitwa na kitu kipya. Na kile kitendo cha kujilazimisha kukumbuka bila kuangalia kinazuia kusahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionesha tangu 1885 kwamba mtu anasahau haraka sana siku za mwanzo asiporudia. Robo saa moja inafanya kazi mbili.

Na kumaliza, maliza kwa wakati. Saa mbili ni saa mbili. Kuna mama anawahi daladala ya mwisho, na kuna mwingine mume wake anahesabu dakika. Usicheke na hilo, ndoa zinaingia humo. Mi kila kozi tuna Jumamosi moja wanafamilia wanaalikwa, wanaona meza, wanaona kazi, mume anamkuta mke wake amevaa miwani ya kinga anakata paipu na hasemi tena "unaendaga wapi jioni". Wenye watoto wachanga wana mkeka wao kona ya nyuma, mbali na vifaa.

Mtu akikosa siku moja, jioni ile ile apate ujumbe. Usimuandikie "mbona hujaja". Mi naandika hivi, au natuma kwa sauti kama najua kusoma meseji kunamsumbua: "Shikamoo mama. Leo tumefunga swichi mbili za ngazini, unawasha chini unazimia juu. Mbao yako nimeiweka pembeni na jina lako. Alhamisi ukiweza kuja nusu saa mapema nitakuonesha, utawakuta wenzako palepale." Unaona, anajua amekosa nini, anajua nafasi yake ipo, anajua atafikaje bila kuaibika. Akikosa mara ya pili anapigiwa na mwenzake wa meza, wala sio mimi. Mara ya tatu naenda mwenyewe kama ni karibu. Mtu akishakosa wiki mbili bila neno, kurudi kunakua kugumu kwake kuliko hata kuanza upya, kwaiyo usisubiri.

Grupu la wasap liwepo, ila lisiwe la salamu za asubuhi na matangazo ya vicoba, watu wanalizima. Picha ya ubao, picha ya kazi ya leo, na swali moja la kesho. Basi.

Ada

Hapa naomba wakuu wa vyuo nao wasome. Mwezi wa kwanza mzazi ana sare, madaftari, viatu, nauli ya mtoto aliyepangiwa bweni mkoa mwingine. Ada yake mwenyewe inakua ya mwisho kwenye foleni, kila mara. Chuo kimoja nilichowahi kufundisha walibandika majina ya wanaodaiwa kwenye mlango wa darasa, kwa herufi kubwa, pamoja na kiasi. Wamama wawili walifika, wakasoma, wakageuka pale pale mlangoni na mabegi yao. Mmoja alikua amebakiza mwezi mmoja tu. Sijawahi kumuona tena na mpaka leo inaniuma.

Kama una sauti yoyote chuoni kwako, pigania malipo ya awamu yafuate mavuno, kwa mtu wa shamba kulipa mwezi wa saba ni rahisi kuliko mwezi wa kwanza. Deni aambiwe peke yake. Na umwambie mapema, wiki sita kabla ya mtihani na sio asubuhi ya mtihani. Darasa langu la mwaka juzi walianzisha kikoba chao wenyewe, elfu mbili mbili kila wiki, mtu akibanwa na ada anakopa humo, na kile kikoba kiliwashika pamoja kuliko somo langu lolote.

Hamasa ya kweli, bila kudanganya ajira

Usiwaahidi kazi. Watu wazima wameshaahidiwa mengi. Waoneshe njia ilivyo: ukimaliza unapata cheti gani, leseni ya kufunga umeme ya EWURA, wale wanaosimamia huduma za nishati na maji, inataka nini, kampuni zinauliza nini. Yule fundi aliyejifunzia mtaani mwambie VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, anapimwa anachokijua, anajazwa pale palipopungua, anapata cheti bila kuanzia sifuri. Wengi hawalijui hili, na ukimwambia fundi mwenye miaka 45 kwamba miaka yake yote ile inahesabika, anakaa tofauti kwenye kiti.

Wafundishe na upande wa hela. Mi nina vipindi vitatu vya kuandika makadirio: nyumba ya vyumba vitatu na sebule, hesabu pointi za taa, soketi, mita za waya, paipu, breka, ufundi, usafiri, andika kwa mpangilio mteja asome. Wanaenda maduka ya vifaa wanauliza bei wenyewe. Kuna dereva bajaji aliandika makadirio ya kwanza maishani kwa jirani yake, akapewa kazi kwa sababu fundi mwingine alikuja na bei ya mdomoni tu. Alirudi darasani na ile karatasi imekunjwa mfukoni, akaipitisha kila meza. Wiki ile hakukosa mtu.

Kila mmoja apige picha ya kazi yake kuanzia wiki ya kwanza na aziweke sehemu moja kwenye simu. Kozi ikifika mwezi wa nne mtu akisema nimechoka nataka kuacha, usimhubirie. Mwambie afungue picha ya kwanza na ya mwisho, afu msomee lile jibu lake uliloandika kwenye daftari siku mnajuana. Mwingine ataacha hata hivyo, ana mgonjwa, ana msiba, kahamishwa. Huyo jina lake usilikate kwa wino mwekundu. Andika alipoishia, mada gani, ana mbao namba ngapi, na tarehe ya kozi inayofuata kuanza, umpigie wiki mbili kabla.

Yule baba wa Mwanjelwa nilimpigia hivyo hivyo. Alikuja kozi iliyofuata, akakaa meza ya mbele karibu na balbu ya ziada, na miwani yake ya kusomea ameifunga uzi shingoni. Kipindi cha hita ya kuogea yeye ndo aliyesimulia ile plasta iliyopasuka.